Maji Yapoe Kwanza

Mwaka jana nililipwa kuandika makala ya maneno 800 kuhusu jinsi ya kutengeneza chai ya kijani. Mteja alikuwa ng'ambo, tukijuana kwa barua pepe tu. Niliandika kwamba mimi hunywa kikombe kimoja kila asubuhi kabla ya kufungua kompyuta, na kwamba ladha yake hunikumbusha nyasi baada ya mvua. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeonja chai ya kijani mara moja tu maishani, kwa shangazi yangu kule Ruiru, na nikatafuta mahali pa kuitema.

Shangazi alikuwa ameambiwa na mtu wa kanisani kwamba inapunguza mwili. Akanunua pakiti kwenye supamaketi, akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: akabandika sufuria kwenye gesi, maji yakachemka, akatumbukiza vifuko vitatu, akaacha itokote kama dakika kumi ndiyo ishike. Na ilishika kweli. Ilikuwa chungu kama mwarobaini. Aliinywa wiki mbili, kila asubuhi, amefumba macho kama mtu anayetumikia kifungo. Baadaye pakiti ikahamia nyuma ya kabati, na nadhani iko huko mpaka leo.

Makala yangu yalilipiwa bila swali. Lakini yalinikwama kooni, kwa sababu mimi nimesomeshwa na chai. Shosho wangu, mamake baba, ana shamba la chai Murang'a, upande wa juu karibu na msitu wa Aberdare, chini ya ekari moja. Bonasi ya majani yale ilininunulia sare na sanduku la bati nikienda shule ya upili. Baadaye ikalipa karo ya chuo kikuu, ambako nilisomea historia hadi mwaka wa tatu, nikaacha. Kuacha kwenyewe ni hadithi ndefu. Muhimu ni kwamba Shosho hakuwa anajua. Kila nikienda nyumbani alikuwa akiniuliza masomo yanaendeleaje, nami nikijibu, "Yanasonga, Shosho."

Basi huyo ndiye mimi: nimesomeshwa na jani, nikaacha masomo, kisha nikaandika uongo kuhusu jani lilo hilo. Nikaona, angalau nijue historia yake. Sikuwa na mwalimu wala mtihani, nilikuwa na intaneti ya usiku tu, ile ya bei nafuu. Haya ndiyo niliyoyapata.

*

La kwanza: hakuna mti wa chai ya kijani. Mti ni mmoja, Camellia sinensis, ule ule ulioko kwa Shosho. Hata wasomi wa Ulaya walichukua muda kulielewa hili. Mwaka 1762 Carl Linnaeus wa Uswidi, yule aliyeipa mimea mingi ya dunia majina yake ya kisayansi, aliigawa chai kuwa miti miwili, mmoja wa chai ya kijani na mwingine wa chai nyeusi. Ilibidi Robert Fortune, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, aingie China katika miaka ya 1840 ajionee mwenyewe: mti ni huo huo, tofauti inaanza baada ya kuchuma.

Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda linageuka kahawia. Jani la chai nalo hufanya hivyo. Likivunjwa au kukunjwa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake hukutana na hewa, na rangi inaanza kugeuka. Ukiliacha ligeuke kabisa, umepata chai nyeusi, hii tunayoiita majani chai. Ukiliwahi kwa moto kabla halijageuka, vimeng'enya vinaharibika na jani linabaki kijani. Wajapani huliwahi kwa mvuke. Wachina wengi huliwahi kwenye chungu cha chuma chenye moto, wakiligeuza geuza. Hiyo ndiyo chai ya kijani: jani lililopata moto mapema.

Fortune aliona jambo lingine kule China lililonichekesha, kisha likaacha kunichekesha. Alikuta wafanyakazi wakiichanganya chai ya kijani na rangi ya buluu na unga wa jasi, ile inayopelekwa nje tu, ili ipendeze macho ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Vidole vyao vilikuwa vimeingia buluu. Wachina wenyewe hawakuinywa chai hiyo. Mnunuzi wa mbali alitaka kijani kinachong'aa, akapewa alichotaka. Nilipofika hapo nikayakumbuka maneno yangu 800.

*

La pili: Shangazi hakuwa mjinga. Alichelewa tu, kama miaka 1,200 hivi.

Kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu chai kiliandikwa na Lu Yu, katika karne ya 8, China ikiwa chini ya ukoo wa Tang. Lu Yu alikuwa yatima, akalelewa na watawa wa Kibudha waliotaka awe mmoja wao. Akakataa, akatoroka, akajiunga na kundi la wachekeshaji. Mtu aliyeandika kitabu ambacho wanywaji chai wa dunia wanakiheshimu mpaka leo alikuwa ametoroka masomo aliyopangiwa. Sisemi kitu, ninataja tu.

Wakati wake chai ilishindiliwa ikawa vipande vigumu, kama sabuni ya kipande. Ukitaka kunywa, unabanika kipande motoni, unakisaga, halafu unakitia ndani ya maji yanayochemka, pamoja na chumvi kidogo. Wengine walitia hata tangawizi, vitunguu na maganda ya machungwa, jambo ambalo Lu Yu hakulipenda hata kidogo. Kwa hiyo ndiyo, waliichemsha. Lakini waliyachunga maji. Lu Yu alieleza hatua tatu za kuchemka. Kwanza viputo vidogo kama macho ya samaki. Halafu viputo vinavyopanda ukingoni kama shanga kwenye uzi. Mwisho mawimbi. Kwake yeye, maji yakishapita mawimbi yamezeeka, hayafai tena. Hakuna aliyekuwa na kipimajoto. Jicho ndilo lilikuwa kipimo.

Chini ya ukoo wa Song mtindo ukabadilika. Chai ilisagwa ikawa unga laini, ikatiwa bakulini, ikamiminiwa maji na kupigwa kwa kifaa cha mwanzi mpaka itoe povu. Ikawa sanaa ya wakubwa. Mfalme Huizong mwenyewe aliandika kitabu kuihusu mwaka 1107. Unga huo uliopigwa povu ndio Wajapani waliuchukua na kuutunza, na leo tunauita matcha.

Halafu akaja Hongwu, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, mtoto wa maskini aliyekua akijua njaa. Mwaka 1391 aliamuru kwamba chai inayoletwa ikulu kama kodi isiwe tena ile ya kushindiliwa, kwa sababu kuitengeneza kuliwatesa watu. Walete majani tu, yakiwa huru. Amri ya kuwapunguzia wakulima mzigo ikabadilisha namna ya kunywa. Majani huru hayasagwi wala hayapigwi. Unayaweka kwenye birika, unamimina maji, unasubiri. Hapo ndipo kuloweka kulipotawala, na birika la udongo likapata heshima yake.

Kwa hiyo China pekee imepitia vitenzi vitatu: kuchemsha, kupiga, kuloweka. Na hata kwenye kuloweka, mabwana wa chai hawakuelewana. Zhang Yuan, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 16, alitaka maji yawe yamechemka kabisa kabisa. Lakini aliangalia pia majira: siku za baridi tanguliza majani halafu maji, siku za joto tanguliza maji halafu majani. Hii ilinipa moyo. Makala kama yale yangu huiandika chai ya kijani kana kwamba sheria yake ilishuka na mvua. Kumbe watu walibishana, wakajaribu, wakaharibu, wakajaribu tena.

*

La tatu: ile habari ya kwamba ni dawa, si uzushi wa mtu wa kanisani.

Mwaka 1191 mtawa Eisai alirudi Japani kutoka China akiwa na mbegu za chai. Mwaka 1211 akaandika kitabu cha kuisifu chai kama kitu cha afya. Miaka mitatu baadaye mtawala Minamoto no Sanetomo aliamka akiwa mgonjwa wa pombe ya jana yake, Eisai akampelekea kikombe cha chai pamoja na kitabu chake. Huo ni uuzaji wa hali ya juu. Tangu siku hizo chai ya kijani imekuwa na sura mbili, kinywaji na dawa. Shida ni kwamba dawa huvumiliwa ikiwa chungu. Kinywaji hakivumiliwi. Ukiamini ni dawa, hutajisumbua kuuliza mbona ni chungu.

Aliyejisumbua ni mkulima. Nagatani Soen aliishi Ujitawara, karibu na Kyoto. Chai ya watu wa kawaida wakati huo ilikuwa duni, rangi ya kahawia. Baada ya kujaribu kwa miaka mingi, mwaka 1738 alipata njia yake: chuma majani machanga, yapitishe kwenye mvuke, yafikiche kwa mikono juu ya joto mpaka yakauke. Chai hiyo ndiyo sencha. Soen aliibeba mpaka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na mfanyabiashara Yamamoto Kahei akaipenda, akaiuza.

Mwaka 1835 mrithi wa nyumba hiyo ya biashara, Kahei wa sita, alihusika na chai nyingine, gyokuro, inayotoka kwa miti iliyofunikwa isipigwe na jua kwa wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa. Gyokuro haitaki maji moto kabisa. Huandaliwa kwa nyuzi 50 au 60 tu, maji ambayo unaweza karibu kuyatia kidole. Ndiyo maana Wajapani wana chombo maalum kisicho na kazi nyingine ila kupoza maji. Unamimina maji humo, unasubiri, ndipo unayapeleka kwenye birika.

Sababu ya haya yote ilijulikana baadaye sana, na mmoja wa waliolichambua jani ni mwanamke aliyezuiwa mlangoni. Michiyo Tsujimura alianza utafiti mwaka 1920 katika chuo kikuu ambacho hakikupokea wanafunzi wanawake. Akafanya kazi kama msaidizi asiyelipwa. Mwaka 1929 alifanikiwa kuitenga katekini kutoka chai ya kijani, na mwaka 1932 akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata shahada ya uzamifu katika kilimo. Katekini ndizo zinazoleta uchungu na ule ukavu unaokamata ulimi. Mwaka 1949 Yajiro Sakato akapata kitu kingine ndani ya gyokuro: theanini, asidi amino yenye ladha ya utamu wa supu.

Sasa sikiliza, maana kila kitu kiko hapa. Theanini hutoka kwa urahisi hata maji yakiwa ya uvuguvugu. Katekini na kafeini huongezeka kadiri maji yanavyokuwa moto na kadiri unavyokawia. Kwa hiyo maji ya nyuzi 75 au 80 yanatoa utamu wote na uchungu kidogo, ule wa kufanya chai iwe chai. Maji yanayotokota yanatoa vyote kwa pamoja, na uchungu unameza kila kitu. Shangazi hakununua chai mbaya. Aliinyima nafasi.

*

Swali lililobaki ni letu. Kwa nini sisi, watu wa nchi inayouza chai nyeusi nje kuliko karibu nchi yoyote, tunachemsha?

Jibu liko kwenye jani letu na jinsi lilivyofika. Baada ya kugundua mti ni mmoja, Fortune alirudi China mwaka 1848, safari hii akitumwa na Kampuni ya Mashariki ya India ya Waingereza, akatoa miche, mbegu na mafundi akavipeleka India. Kule Assam nako kulikuwa na chai ya asili ya huko huko, yenye majani mapana. Kutoka India ndiko mbegu zilikuja kwetu. Mwaka 1903 walowezi wa jina Caine walipanda chai Limuru. Neno lenyewe, chai, lilitoka China pia, likapita kwa Waajemi na Wahindi mpaka likaingia Kiswahili, wakati Wazungu waliopelekewa kwa meli na Waholanzi walichukua matamshi ya Wachina wa pwani, yale yaliyozaa "tea" ya Mwingereza.

Kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuchuma chai, kupanda hapana. Mlango ulifunguliwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilianza Ragati, Nyeri, mwaka 1957. KTDA ikaundwa 1964. Guka, ambaye nimepewa jina lake, alipanda miche yake ya kwanza miaka michache baada ya hapo, Shosho akiwa bibi harusi mgeni kwenye boma lile.

Na majani ya Guka yalienda kwenye mashine. Mwaka 1930, kule Assam, William McKercher alibuni mitambo ya mapipa yenye meno inayolisaga, kulichana na kulikunja jani liwe punje ndogo. Chai ya punje hizo hutoa rangi haraka, huwa kali na hukubali maziwa. Sehemu kubwa mno ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa njia hiyo. Punje kama hizo ndizo zilizokuwa kwenye kopo la Shosho, na kwa hizo sufuria ndiyo jibu sahihi. Unazichemsha, unatia maziwa, na protini ya maziwa inazishika zile katekini na jamaa zake, ukali unalainika. Sukari inamaliza kazi. Chai yetu ya maziwa ina akili yake. Kosa ni kulichukua jani la Soen na kulipikia kwenye sufuria ya McKercher.

*

Aprili nilipanda matatu kwenda Murang'a. Nilikuwa nimepanga mambo mawili, kutengeneza chai ya kijani kutoka shambani, na kumwambia Shosho ukweli. Ningeweza kufanya la kwanza bila la pili. Nilijua pia kwamba ningejaribu.

Nilichuma majani mawili na chipukizi, kama nilivyofunzwa nikiwa mtoto, mpaka yakajaa bakuli. Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, anachambua maharagwe. Yeye huniita mzee wangu, kwa sababu ya jina la Guka.

"Mzee wangu, mbona umeyaleta ndani? Gari ni kesho."

"Haya si ya gari, Shosho. Haya ni yetu."

Nilibandika sufuria kavu mekoni, nikaimwagia majani, nikaanza kugeuza. Ya kwanza yaliungua. Moshi ulijaa, Shosho akakohoa akisema ati ninayapika kama terere. Ya pili nilipunguza kuni. Majani yalilegea, yakatoa mvuke, ile harufu kali ya ubichi ikaondoka. Nikayamwaga kwenye uteo, nikayafikicha kwa viganja yakiwa bado moto. Shosho aliangalia kidogo, kisha akaacha maharagwe, akanisukuma pembeni. Mikono iliyochuma zaidi ya miaka 50 inajua jani litavumilia nini. Aliyafikicha polepole, kwa duara, bila kuyavunja. Tukayarudisha kwenye joto dogo mpaka yakakauka, kama saa nzima hivi. Bakuli lote lilitoa vijiko vinne.

Maji yalichemka. Kule juu yanachemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, sio 100, kwa sababu ya mwinuko. Hapa Nairobi ni 94. Tayari mlima umekupunguzia, lakini bado ni moto mno. Nilimwambia Shosho lazima tuyapoze.

"Kuyapoza kivipi?"

Nilichukua vikombe viwili vya bati, nikayamimina kutoka kimoja hadi kingine. Akacheka. Hivyo ndivyo alivyotupozea chai sisi wajukuu wote asubuhi ya shule, akimimina huku na huku, uzi mrefu wa chai hewani, tusichelewe. Kila ukihamisha, maji hushuka nyuzi 5 hadi 10. Chombo cha Wajapani alikuwa nacho siku zote. Tofauti ni kwamba yeye alipoza mwisho, na hii hupozwa mwanzo.

Ni katika kusubiri huko aliponiuliza, bila kuniangalia, "Na mahafali ni mwezi gani? Nataka kujua kama nitanunua kitambaa."

Nilimimina mara moja zaidi, ingawa maji yalikuwa tayari.

"Shosho, niliacha chuo. Ni miaka miwili sasa."

Hakusema kitu. Kuni zilipasuka mekoni. Nilitia kijiko kimoja cha majani kwa kila kikombe, nikamimina maji juu yake, nikaangalia saa ya simu, kwa sababu sikujua pa kuangalia. Dakika moja. Dakika moja na nusu.

"Na ile bonasi ya mwaka juzi?"

"Ililipa kodi ya nyumba. Na kompyuta."

"Kompyuta ya kufanya nini?"

"Kuandika."

"Unaandika nini?"

Ningeweza kumtajia chochote. Nilimwambia kwamba niliandika kuhusu chai hii kabla ya kuijua, na nikalipwa. Dakika mbili zilifika. Nikaichuja kwenye vikombe vingine, nikampa chake kwa mikono miwili.

Rangi ilikuwa ya manjano iliyofifia, kama maji ya kuoshea mchele. Haikuwa sencha ya Soen, hilo ninalijua. Ilikuwa na moshi kidogo, kosa langu. Lakini uchungu ulikuja mwisho, kidogo tu, na kabla yake kulikuwa na kitu kitamu kilichokaa ulimini. Shosho alinusa, akanywa, akakaa nayo mdomoni.

"Iko na harufu ya mahindi mabichi ya kuchemsha," alisema. Ilikuwa kweli. Nimesoma maneno mengi ya watu wanaolipwa kuonja chai, na hakuna aliyeipata vile.

Akanywa tena. Akaangalia ndani ya kikombe.

"Hii ndiyo huwa ndani yake?"

"Ndiyo, Shosho."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Aliweka kikombe chini, akachukua tena maharagwe yake. Nilingoja hasira, nilingoja machozi, sikupata hata kimoja. Alipomaliza kuchambua alisema, "Kesho utaamka saa kumi na moja. Hiyo karo utaichuma."

*

Kesho yake nilichuma kilo 9, Shosho 17. Kituo cha kununulia chai kilituandikia zote kwa jina lake. Nimerudi mara tatu tangu hapo, na kila mara ninachuma, na kila mara ananikumbusha bado deni ni kubwa.

Kwa aliyesoma mpaka hapa akitaka tu kujua jinsi ya kuitengeneza, nami nina deni lake pia, kwa hiyo nitasema kilichonifaa. Chukua kijiko kimoja cha chai, gramu 2 au 3, kwa kikombe cha kawaida. Chemsha maji yaliyo safi, yasiyo na ladha ya tangi. Yahamishe kikombe hadi kikombe mara mbili, mara tatu kama ni majani laini sana. Mimina, ngoja dakika moja na nusu au mbili, halafu yatoe majani yote kwenye maji, usiyaache yakae humo ukipiga simu. Usiyakamue. Majani hayo hayo yanakubali maji mara ya pili, wakati mwingine ya tatu. Kama una vifuko, ndani yake ni vumbi, ladha hutoka upesi, kwa hiyo dakika moja inatosha. Yaliyobaki yafungie kwenye kopo lisiloingiza hewa wala mwanga. Ikiwa chungu, kesho punguza moto kabla ya kupunguza majani.

Shosho hajahamia chai ya kijani. Asubuhi ile baada ya kuchuma alipika chai ya maziwa, ikapanda ikashuka mara tatu kwenye sufuria, nikanywa vikombe viwili na viazi vitamu. Lakini vile vijiko viwili vilivyobaki havikutupwa. Alivitia kwenye kopo la dawa ya kikohozi lililooshwa, akaliweka juu ya rafu, nyuma ya chumvi. Nilipoenda mwezi uliopita nilikuta limebaki nusu. Nilimuuliza nani anakunywa.

"Wageni," alisema, na hakuna mgeni aliyekuwa amekuja.